Siku ya Kwanza Melini Galápagos: Kutoka Porte de Namur hadi Seymour Norte

Galápagos ni visiwa vya volkano katika Bahari ya Pasifiki, kilomita 1,000 hivi magharibi ya pwani ya Ekwado, nchi inayovimiliki tangu 1832. Asilimia 97 ya ardhi yake ni hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1959; asilimia 3 iliyobaki ndiyo yenye miji, mashamba na wakazi wapatao 30,000. Mgeni haruhusiwi kuzurura hifadhini peke yake, na visiwa vingi havina nyumba ya wageni wala maji ya kunywa. Kwa hiyo njia iliyozoeleka ya kuvizunguka ni meli ndogo yenye vyumba vya kulala, kwa siku nne, nane au zaidi. Siku ya kwanza ya safari hiyo ina utaratibu wake, na karibu kila meli huufuata: ukaguzi, kupanda meli, maelekezo ya usalama, kushuka kisiwani mara moja alasiri, na kikao cha jioni. Masimulizi haya yanaifuata siku hiyo pamoja na msafiri aliyetokea Porte de Namur, Brussels.

Mahali pa kuanzia si pa kubahatisha. Porte de Namur lilikuwa lango mojawapo la ukuta wa zamani wa Brussels. Lango lenyewe halipo tena. Limebaki jina la kituo cha metro na la njia panda yenye Chaussée d'Ixelles na Chaussée de Wavre. Nyuma ya njia panda hiyo ndipo ulipo Matonge, mtaa wa Wakongomani uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Lingala ndiyo inayosikika zaidi kwenye saluni na maduka ya vitambaa, lakini Kiswahili cha Goma, Bukavu na Lubumbashi hakikosekani, na tangu tarehe 30 Juni 2018 pana uwanja mdogo unaoitwa kwa jina la Patrice Lumumba. Kutoka hapo hadi mtaa wa Vautier, yalipo makumbusho ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia, ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Wengi huyajua makumbusho hayo kwa mifupa ya iguanodoni waliofukuliwa Bernissart mwaka 1878. Msomaji wa Afrika Mashariki atataka zaidi kujua kwamba humo pia ndimo unamotunzwa mfupa wa Ishango, wenye mistari ya kuhesabia, uliookotwa kando ya Ziwa Edward mwaka 1950.

Tangu 1925 hadi 1954 taasisi hiyo iliongozwa na Victor Van Straelen, mwanajiolojia mzaliwa wa Antwerp. Huyohuyo aliongoza Taasisi ya Hifadhi za Taifa za Kongo ya Wabelgiji, iliyoundwa mwaka 1934 na kukabidhiwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Na huyohuyo ndiye rais wa kwanza wa Wakfu wa Charles Darwin wa Visiwa vya Galápagos, ulioundwa Brussels tarehe 23 Julai 1959 chini ya sheria ya Ubelgiji. Kituo cha utafiti cha wakfu huo kilizinduliwa Januari 1964 mjini Puerto Ayora, kisiwani Santa Cruz. Van Straelen alifariki wiki chache baadaye. Basi volkano za Kivu na volkano za Pasifiki zilipitia mikononi mwa mtu mmoja, na fikra iliyozilinda ilikuwa moja: tenga ardhi, funga mipaka, mtu aingie kwa ruhusa na kwa masharti. Kongo fikra hiyo ilitekelezwa kwa kuwahamisha watu waliokuwa wakilima, wakifuga na kuvua humo, na deni lake halijalipwa mpaka leo. Galápagos haikuwa na wenyeji wa asili wa kuhamishwa. Ilikuwa na walowezi wachache, nao waliachiwa sehemu zao. Masharti yaliyoleta ugomvi Rutshuru, upande wa Virunga, yalipokewa Santa Cruz kwa urahisi zaidi, na msafiri hukutana nayo kabla hajaona hata mnyama mmoja.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Brussels hadi Ekwado. Msafiri hupitia Madrid au Amsterdam, hutua Quito au Guayaquil, hulala huko usiku mmoja, na siku ya kwanza ya safari yenyewe huanzia uwanja wa ndege wa bara, alfajiri. Mwenye pasipoti ya Ubelgiji hahitaji viza. Mwenye pasipoti ya nchi ya Afrika aulize ubalozi mapema, kwa sababu masharti hutofautiana nchi kwa nchi. Kabla ya kukabidhi mizigo, abiria hununua kadi ya usafiri ya dola 20, kisha mizigo hukaguliwa na wakala wa usalama wa viumbe wa Galápagos, ulioundwa mwaka 2012. Mabegi hupita kwenye mashine, hufunguliwa ikibidi, halafu hufungwa kwa lakiri. Vinavyotafutwa si silaha wala dawa za kulevya tu. Ni matunda mabichi, mbegu, mimea, udongo, nyama isiyopikwa, na matope yaliyoganda kwenye soli za viatu.

Anayetoka Matonge hulihisi katazo hilo kuliko wengine, maana kusafiri mkono mtupu si desturi. Kwenye duka moja la Chaussée de Wavre, kati ya mafungu ya sombe na mapande ya makayabu, mwenye duka alimwambia mwandishi wa masimulizi haya, “Papa, unaenda mbali vile bila hata pilipili kidogo?” Pilipili ilibaki Brussels. Hata ingenunuliwa, isingevuka meza ya ukaguzi ya Guayaquil, na sababu zake zinaeleweka vizuri zaidi kwa mtu wa Afrika ya Mashariki na Kati kuliko kwa Mzungu. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, yule anayekula bustani za mboga usiku, aligunduliwa Puerto Ayora mwaka 2010. Mabingobingo, majani ya ng'ombe yanayojulikana kwa kila mfugaji wa nyanda za juu, yamefunika sehemu za mashamba huko. Mpera umegeuka kichaka. Mti wa kwinini, ambao Bukavu ni zao la kiwanda, ulipandwa Santa Cruz katika miaka ya 1940 ukasambaa mlimani, ukavitilia kivuli vichaka vya asili ambavyo havikuwahi kuishi chini ya miti. Yupo pia nzi mdogo ambaye funza wake hunyonya damu ya makinda viotani. Ndege wengi wa visiwa hivyo, pamoja na wale waliompa Darwin mengi ya kufikiri, hupoteza makinda kwa ajili yake. Kuhusu mbuzi, kazi ya kuwaondoa kaskazini mwa kisiwa cha Isabela na visiwa jirani ilimalizika mwaka 2006, baada ya mbuzi zaidi ya 150,000 kuuawa. Kilo moja ya mapera ndani ya begi si jambo dogo mahali kama hapo.

Safari ya ndege kutoka Guayaquil huchukua saa mbili hivi. Kabla ya kutua, wahudumu hufungua makabati ya juu na kupuliza dawa ya wadudu. Saa hurudishwa nyuma saa moja kuliko bara, hivyo kati ya Galápagos na Brussels pana tofauti ya saa saba wakati wa baridi na nane wakati wa kiangazi cha Ulaya. Ndege nyingi hutua Baltra, kisiwa tambarare, kikavu, chenye udongo mwekundu na mipungate mirefu kama miti. Mlangoni mwa uwanja abiria hulipia kiingilio cha hifadhi: dola 200 kwa mtu mzima wa nchi nyingi za kigeni tangu tarehe 1 Agosti 2024, mara mbili ya bei ya awali. Kiasi hicho ni kikubwa. Hata hivyo kinaonekana kinakokwenda, kuanzia ukaguzi hadi njia za miguu, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa kila hifadhi duniani.

Baltra yenyewe inastahili kusimuliwa. Mwaka 1932 na 1933 msafara wa Kapteni G. Allan Hancock wa Marekani ulikuta iguana wa nchi kavu wa kisiwa hicho wamekonda, ukawahamisha 70 hivi hadi Seymour Norte, kisiwa jirani ambacho hakikuwa nao. Lilikuwa jambo la kukurupuka. Miaka kumi baadaye, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga kambi ya ndege Baltra, na kufikia 1954 iguana wa hapo walikuwa wametoweka kabisa. Wale waliohamishwa ndio waliookoa ukoo. Watoto wao walizalishwa kwenye kituo cha Darwin, na kuanzia 1991 wakarudishwa Baltra, ambako sasa huvuka barabara ya uwanja wa ndege taratibu na madereva huwasubiri.

Basi huwashusha abiria kwenye gati dogo. Mabenchi ya kivulini mara nyingi yamekwisha kukaliwa: simba bahari, wazito, wenye manyoya yaliyokauka chumvi, hulala juu yake na hawainuki kwa ajili ya mtu. Abiria husimama juani. Hapo ndipo sharti la kwanza hutamkwa kwa sauti: mita mbili kati ya mtu na mnyama, na mnyama akisogea, mtu ndiye arudi nyuma. Kutoka gatini hadi melini ni kwa boti ya mpira yenye injini, na kupanda kwake kuna namna. Baharia na abiria hawashikani viganja. Hushikana vigasha, kila mmoja akikamata mkono wa mwenzake juu ya kifundo, ili mmoja akiteleza mwingine abaki amemshika. Abiria hukanyaga ukingo, hukanyaga ndani, huketi. Hasimami tena mpaka aambiwe.

Meli za Galápagos haziruhusiwi kubeba abiria zaidi ya 100, na nyingi hubeba 16 tu. Idadi hiyo ndogo inatokana na kanuni kwamba mwongozaji mmoja asichukue zaidi ya wageni 16. Njia ya meli haipangwi na nahodha: hupangwa na hifadhi, na meli hairuhusiwi kurudi sehemu ileile ndani ya siku 14. Mwongozaji naye huwa na leseni ya hifadhi, na tangu sheria maalumu ya Galápagos ya mwaka 1998 kazi za visiwani hupewa wakazi kwanza. Katika masharti yote, hilo ndilo lililowasaidia zaidi wanyama, ingawa halisemi neno juu ya wanyama: mtoto wa mvuvi aliyekuwa akivua matango bahari bila kikomo anaweza kula kwa kumwonyesha mgeni matango bahari yakiwa hai. Virunga ilichukua miongo mingi kuanza kuwaza hivyo.

Vyumba vikishagawiwa na chakula cha mchana kuliwa, king'ora hulia: milio mifupi saba, kisha mmoja mrefu. Kila mtu hutoa jaketi okozi kabatini, hulivaa, hupanda sitahani na kusimama mahali pake pa kukusanyika. Baharia hukagua kamba moja moja. Watu wa maziwa yetu, waliozoea mashua zilizojaa hadi ukingoni na majaketi yaliyofungiwa chumbani kwa nahodha yasichafuke, hukiangalia kitendo hicho kwa makini.

Seymour Norte iko kaskazini tu ya Baltra, na meli hufika kabla ya chai ya alasiri. Si kisiwa chenye umbo la mlima, na wengi hushangaa, kwa kuwa wameahidiwa volkano. Lava yake ilimwagika chini ya bahari, kisha sakafu ya bahari ikainuliwa na nguvu za chini, ikatokea juu ikiwa bapa. Visiwa vingi vya Galápagos ni vilele vya volkano zilizojijenga zenyewe kutoka sakafuni. Chini yao pana sehemu yenye joto kali isiyohama, na juu yake bamba la ganda la dunia liitwalo Nazca linasogea kuelekea mashariki, kama kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Visiwa vya mashariki, San Cristóbal na Española, ndivyo vikongwe, vyenye umri wa miaka milioni tatu hadi nne. Isabela na Fernandina za magharibi bado zinawaka. Volkano Wolf ya Isabela, yenye mita 1,707, ndiyo kilele cha juu kuliko vyote, na Fernandina ililipuka mara ya karibuni Machi 2024. Volkano za Kivu zina asili nyingine. Huko bara linapasuka, na lava ya Nyiragongo, ile iliyoingia Goma mwaka 2002 na tena Mei 2021 ikasimama kwenye vitongoji vyake, ni nyepesi mno na hukimbia. Anayetaka kuona kisiwa cha volkano karibu na nyumbani anacho Tchegera, ukingo wa kreta wenye umbo la mwezi mchanga ndani ya Ziwa Kivu, uliomo katika Hifadhi ya Virunga. Lakini tangu mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, huko si kwa kutalii.

Kushuka Seymour Norte ni kushuka pakavu, yaani kutoka botini moja kwa moja hadi kwenye mwamba, viatu miguuni. Fukwe nyingine hutaka kushuka majini, maji yakifika magotini. Kaa wekundu hutawanyika juu ya lava nyeusi. Njia imewekewa vigingi vyeupe na vyeusi, na nje ya vigingi hakuna anayekanyaga, hata wa kupiga picha.

Ndege wa kwanza huwa katikati ya njia. Ni ndege wa bahari mwenye ukubwa wa bata, mgongo wa kahawia, mdomo wa kijivu uliochongoka, na miguu ya buluu kama rangi iliyopakwa jana. Rangi hutoka kwenye samaki anaowala. Akikosa chakula kwa siku chache hufifia, na jike huitazama kabla ya kukubali mume. Dume huinua mguu mmoja, akauteremsha, akainua wa pili, kisha hukunjua mabawa na kuelekeza mdomo juu akipiga mluzi. Jike hukoroma tu. Kiota chao si cha majani. Ni udongo mtupu uliozungushiwa kinyesi cheupe, kilichorushwa pande zote na ndege anayeatamia kadiri anavyogeuka. Mayai huatamiwa kwa miguu ileile ya buluu. Mstari mweupe ndio mpaka wa ukoo: kifaranga akitoka nje yake, mzazi humchukulia kama mgeni. Wageni huelezwa hayo wakiwa wamesimama mita mbili kutoka kiotani, na ndege hawainui hata kichwa.

Kwenye vichaka vifupi wamekaa ndege wa frigeti, weusi, wenye mabawa yanayofikia mita 2.3 kutoka ncha hadi ncha. Manyoya yao hayazuii maji vizuri, kwa hiyo ndege huyu wa bahari hathubutu kutua baharini. Hula alichookota juujuu ya maji, au alichomnyang'anya mwenzake hewani kwa kumvuta mkia hadi atapike. Wakati wa kuzaliana dume hujaza hewa mfuko mwekundu wa shingoni mpaka unakuwa mkubwa kuliko kichwa, halafu hukaa hivyo kwa saa nyingi akitetemesha mabawa kila jike anapopita juu. Wanyang'anyi hawa na wenye miguu ya buluu ni majirani wa mti kwa kiota. Kila jioni mwenye samaki humpita jambazi wake akirudi nyumbani.

Iguana wa nchi kavu, wajukuu wa wale wa Hancock, hulala chini ya mipungate wakisubiri tunda au ua lidondoke. Huliviringisha kwa kucha kuondoa miiba, wakala. Chini kwenye mawe ya pwani wapo binamu zao wa baharini, mijusi pekee duniani wanaopiga mbizi kula mwani. Wamerundikana, mmoja juu ya mwingine, vichwa vyote vimeelekea jua. Mara kwa mara mmoja hupiga chafya, na ukungu mwembamba wa maji ya chumvi hurukia kichwani mwa jirani yake, ukakauka na kuacha kofia nyeupe. Ndivyo wanavyotoa chumvi waliyoimeza. Mwaka wa El Niño, maji yanapopata joto na mwani kufa, mijusi hao hunywea hata mifupa ikapungua urefu, hadi asilimia 20, kisha hurefuka tena chakula kikirudi.

Jua la Galápagos huzama karibu saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, kwa kuwa mstari wa ikweta unapita hapohapo. Boti hurudi melini kabla ya giza. Jukwaani nyuma ya meli baharia husubiri na mpira wa maji, na kila soli huoshwa ili mchanga na mbegu za kisiwa hiki visiende kisiwa kingine. Wengi hudhani ni usafi wa meli tu. Kumbe ni ukaguzi wa pili wa siku hiyo, maana kila kisiwa kina viumbe wake, na kisiwa kwa kisiwa kinaweza kudhuriana bila mgeni wa nje kuhusika.

Baada ya chakula cha usiku mwongozaji husimama mbele ya ramani, hueleza kesho ni kushuka pakavu au majini, nani anahitaji miwani ya kuogelea, na bahari itakuwaje. Asiyezoea bahari anywe dawa ya kichefuchefu kabla ya kulala, asisubiri mawimbi. Taa za meli huvuta samaki, samaki huvuta papa, na kwa muda abiria huegemea ukingo wakiwahesabu. Nanga hung'olewa usiku, kwa sababu mchana wote ni wa visiwani. Kuvuka ikweta hadi Genovesa, kaskazini mashariki, huchukua karibu usiku mzima. Kifungua kinywa cha siku ya pili kwa kawaida ni saa moja asubuhi, na boti ya kwanza huteremshwa saa mbili.